Kwa nini kitabu cha pikipiki kisiwe kwa Kiswahili?

Husemwa kwamba sisi wanaisimu hatuna kazi ila kuwinda makosa ya watangazaji wa redio, kuzozana iwapo chombo fulani kiitwe tarakilishi au kompyuta, kisha kurudi madarasani tukiwa tumeridhika na nafsi zetu. Shutuma hiyo ina ukweli wake, nami sitajitetea. Leo hata hivyo nataka kuzungumzia spana, grisi na nati, kwa kuwa nimemzuru hospitalini kijana aliyevunjika mguu, na kwa maoni yangu lugha ilikuwa na mkono wake katika ajali hiyo.

Kijana mwenyewe ni mhudumu wa bodaboda anayenibeba kutoka nyumbani hadi lango la chuo siku ambazo gari langu kuukuu limegoma, nazo si siku chache. Alikomea kidato cha pili kwa kukosa karo, akafanya vibarua, akajiunga na chama cha kuweka na kukopa, hatimaye akanunua pikipiki. Si mtu wa papara. Halewi akiwa kazini, hubeba abiria mmoja jinsi sheria inavyoagiza, na kila Jumapili alasiri hukiinua chombo chake kwa kigingi cha kati, akatandika gunia chini, akaanza kukihudumia kwa mikono yake mwenyewe. Hubadilisha oili, husugua plagi kwa msasa, hukaza cheni na kurekebisha breki. Hamwendei fundi ila jambo likimshinda kabisa, maana pesa ya fundi ndiyo pesa ya unga. Wanaofanya hivi ni maelfu kwa maelfu nchini tangu pikipiki ndogo kutoka India na China zilipoanza kumiminika humu mwishoni mwa mwongo wa kwanza wa karne hii, baada ya serikali kuziondolea ushuru.

Siku ya ajali alikuwa akiteremka mlima, amembeba mama mmoja aliyetoka sokoni na debe lake la nyanya. Alikanyaga breki ya nyuma. Pedali ikashuka hadi mwisho, pasiwe na lolote. Akashika breki ya mbele kwa nguvu, na juu ya changarawe ile gurudumu likateleza. Mama alichubuka na kupoteza nyanya zake zote. Kijana alivunjika muundi.

Ni vyema nieleze breki hiyo ilivyo, kwa sababu hoja yangu yote imo humo. Ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ambacho mafundi hukiita habu, mna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, vilivyovalishwa kitambaa kigumu. Ukikanyaga pedali, ufito wa chuma huvuta wenzo mdogo, wenzo huzungusha kipande cha chuma kilicho katikati ya miezi ile miwili, nayo ikatanuka na kulisugua gurudumu kwa ndani hadi likasimama. Kila siku kitambaa hulika kidogo. Kinapolika, pedali huanza kushuka chini zaidi, na mwenye pikipiki huikaza nati iliyo mwishoni mwa ule ufito. Breki hurudi kuwa kali, na yeye huondoka akiwa na imani kwamba ameitengeneza. Hajaitengeneza. Amekificha kilema chake tu. Ukikaza nati hiyo kwa miezi, mwishowe hakuna kitambaa kilichobaki, na kile chuma cha katikati kinaweza kuzunguka kupita kiasi kikashindwa kutanua chochote.

Waliounda vyombo hivi walilijua jambo hilo. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii wameweka mshale mdogo karibu na ule wenzo, na alama nyingine ya kudumu kando yake. Ukikanyaga breki hadi mwisho na mshale ukafikia alama ile, basi muda wa kukaza nati umekwisha. Sharti ufungue gurudumu na kubadilisha vile vipande vya ndani. Havina bei ya kutisha. Mtu aliyezoea spana huvibadilisha kwa muda usiozidi saa moja.

Nilipomuuliza kijana wodini kama aliujua mshale huo, alinitazama kitambo.

"Mwalimu, mshale huo nauona kila Jumapili," akasema. "Huwa naupangusa hata uking'aa. Nilidhani ni alama ya kampuni."

Naam, na kitabu je? Kitabu alikuwa nacho. Muuzaji alimpa siku ya kununua, naye alikitunza katika mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha usajili na stakabadhi za mkopo, kama mtu anavyotunza cheti cha kuzaliwa. Alikuwa amekifungua mara moja. Kimeandikwa kwa Kiingereza chote, na habari ya mshale imo humo, sentensi mbili, katikati ya ukurasa uliojaa michoro midogo na nambari. Nilizisoma. Ni sentensi za sharti, zenye kauli ya kutendwa na nomino zilizorundikwa tatu tatu, aina ambayo huwapa kazi hata wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Sikumwona mjinga hata kidogo. Niliona mtu aliyeuziwa chombo cha kumlisha au kumuua, akapewa maelezo yake kwa lugha ambayo muuzaji alijua fika kwamba mnunuzi wake haimudu.

Basi tukaamua kukifasiri. Yeye alikuwa na mguu uliofungwa plasta na muda mwingi wa kulala. Mimi nilikuwa na likizo. Nilikuja na kalamu na kamusi mbili, nikiwa nimejaa ujuzi. Neno la kwanza lililonishinda ni jina la vile vipande vya umbo la mwezi, ambavyo Waingereza huviita kwa neno lao la viatu. Nikaandika "viatu vya breki". Kijana alicheka hadi muuguzi akaja kuchungulia.

"Mwalimu, pikipiki haivai viatu. Hizo ni breki shuu."

Nikafuta. Mbele kidogo palikuwa na ule mwendo mdogo ambao pedali huteremka bure kabla breki haijaanza kushika, milimita 20 hadi 30 hivi. Nilifikiri kwa dakika kadhaa, nikaunda istilahi ya maneno matatu ambayo sithubutu kuirudia hapa. Yeye akasema, "Hiyo ni nafasi. Fundi hukwambia, wachia breki nafasi, ikikosa nafasi itajishika yenyewe na habu ichemke." Neno moja, la Kiswahili safi, na ndani yake maelezo ya sababu pia. Tuliendelea hivyo kwa siku tatu. Cheni "hulegea", na kulegea kwake hupimwa katikati, baina ya magurudumu, kwa kuisukuma juu na chini. Plagi "hula" ikiwa nyeusi na kavu, "huchoma" ikiwa nyeupe. Injini "hukohoa", "hukamata", "hunoki". Mwisho wa siku ya pili niliziweka kamusi zangu mkobani.

Sisemi kwamba kamusi hazina faida, la hasha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya fizikia, kemia na biolojia mnamo 1990, na anayedai kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi hajaifungua. Lakini lugha ya ufundi haikungoja taasisi yoyote. Msumari ulitujia kutoka Kiarabu, parafujo na bomba kutoka Kireno, gari kutoka Kihindi, spana kutoka Kiingereza. Bisibisi hatukuazima popote, wala pikipiki wala tingatinga. Hayo ni maneno yaliyotokana na mlio na mwendo wa vitu vyenyewe, na aliyeyaunda hakuwa profesa. Hata neno fundi lina shina moja na funda na fundisha. Fundi ni mtu aliyefundwa. Amefundwa kwa lugha gani? Kwenye gereji za Nairobi, Nakuru, Kisumu na Mombasa amefundwa kwa Kiswahili, cha kuchanganya pengine, cha sheng pengine, lakini Kiswahili. Anapotaka cheti cha serikali cha kazi hiyo hiyo anayoifanya kwa miaka kumi ndipo anapokutana na karatasi ya mtihani ya Kiingereza.

Nilimwendea mfanyabiashara mmoja anayeuza pikipiki katika mji wetu, nikamuuliza kwa nini hawatoi kitabu cha Kiswahili. Alinijibu kwa adabu kwamba istilahi hazipo, na kwamba hata zingekuwepo, watu hawa hawasomi. Kuhusu istilahi nimekwisha kusema. Kuhusu kusoma, namkumbusha kwamba huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007 ilimwezesha mteja kuchagua Kiswahili kwenye simu yake, na sikusikia kwamba bodaboda yeyote alishindwa kusoma neno "toa pesa". Kampuni ikitaka fedha yako itakutafutia lugha yako hadi uvunguni mwa kitanda. Ni pale inapotakiwa kukueleza namna ya kuokoa maisha yako na fedha yako ndipo istilahi zinapoadimika ghafla.

Tena hili si suala la hisani. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi bidhaa hiyo kikamilifu, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Viweke vifungu hivyo viwili pamoja, uniambie kitabu cha Kiingereza kitupu mkononi mwa mtu wa kidato cha pili kinatimiza haki ipi. Mimi si wakili, lakini kusoma sentensi ni kazi yangu, na sentensi hizo sizioni zikiwa na utata.

Kuna watakaoniambia kwamba dawa ni kuwakataza watu hawa kujitengenezea vyombo vyao, wapelekwe kwa mafundi waliosajiliwa. Wanaosema hivyo wana mishahara. Isitoshe, kujitengenezea si jambo la umaskini tu. Ni elimu, na mara nyingine ni ubunifu wa hali ya juu. Tazama wanavyoziongezea pikipiki nguvu na starehe: vyuma vya kukinga miguu vilivyochomelewa kutokana na nondo, mwavuli, kioo cha mbele, kiti kilichorefushwa, taa za ziada, redio. Sehemu za milima mhudumu hubadilisha sproketi ya nyuma akaweka yenye meno mengi zaidi, naye anajua vizuri kwamba atapata mvuto na kupoteza kasi. Hakuna kitabu kilichomfundisha uwiano huo. Aliupata kwa magoti yake.

Lakini papo hapo ujuzi wa kusikia una mpaka wake, na mpaka huo ndio hunitia hofu. Yule anayerefusha kiti na kigari cha mizigo hadi nyuma ya ekseli haambiwi na mtu kwamba gurudumu la mbele litakuwa jepesi na usukani utapoteza mshiko, hasa akipanda. Anayeunganisha honi kubwa na redio moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi, hajui ameweka kiberiti chini ya tangi la petroli. Na zile taa nyeupe kali zinazofungwa mbele siku hizi, zimeelekezwa juu kana kwamba zinatafuta ndege, humpofusha anayekuja upande wa pili akamgonga huyo huyo aliyezifunga. Mambo haya matatu yangeandikwa katika nusu ukurasa. Nimevipitia vitabu vitatu vya aina tofauti vinavyouzwa hapa. Onyo la kutoongeza vifaa limo katika vyote, kwa Kiingereza, na sababu yake haikuelezwa vya kumridhisha mtu mwenye akili.

Mwaka wa 1974 mwandishi mmoja wa Marekani, Robert Pirsig, alitoa kitabu kuhusu safari ya pikipiki na matengenezo yake, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, ambacho wengi wa rika langu tulikisoma chuoni kwa ajili ya falsafa yake. Binafsi nakikumbuka kwa mambo mawili. Mwandishi alipata kuandika vitabu vya maelezo ya mashine, akalalamika kwamba huandikwa kana kwamba msomaji ni mtazamaji tu. La pili ni kisa cha rafiki yake mwenye pikipiki ya BMW iliyolegea usukani. Mwandishi alipojitolea kuipachika kwa kipande chembamba cha kopo la bia, rafiki alihuzunika kwamba chombo chake cha thamani kitiwe takataka. Nilipowasimulia kisa hicho mafundi wa Kirinyaga Road, ambayo wengine bado huiita Grogan, hawakuona palikuwa na mjadala gani. Kopo ni bati laini, halishiki kutu, lipachike uende zako.

Nisije nikadhaniwa najivuna, nikiri yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilijitia kubadilisha oili ya gari langu mwenyewe. Nilisoma maelezo yote, kwa Kiingereza ninachokifundisha watu kukichambua. Kitabu kilitaja nguvu ya kukaza nati ya chini kwa kipimo cha niutoni na mita. Sikuwa na spana ya kupimia, na kipimo hicho hakikuniambia chochote mkononi, basi nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikaongeza kidogo kwa ajili ya usalama. Hesi zikakatika. Oili mpya lita nne ikamiminika uani mwangu. Fundi aliyekuja kuchonga hesi upya alinipa kanuni ambayo sijaisahau: "Kaza mpaka ishike, kisha robo mzunguko, kisha uache tamaa." Ningeikuta hiyo kitabuni ningebaki na shilingi zangu. Hivyo basi simwambii mtu afasiri Kiingereza kile kile neno kwa neno. Nasema kiandikwe upya, na aliyeshika spana awe mezani.

Jambo lenyewe linazidi kuwa la haraka. Pikipiki za umeme zimeanza kuenea Nairobi na miji mingine, na ndani yake hamna plagi ya kusugua wala oili ya kumwaga, mna programu. Chombo kikigoma, mwenye kompyuta ya kampuni ndiye anayejua kwa nini. Kule Massachusetts, Marekani, wapiga kura waliunga mkono mwaka wa 2012 sheria ya kuwalazimisha waundaji wa magari kuwapa mafundi wa nje habari za kutengenezea. Hapa kwetu bado hatujaipata haki ya kusoma habari za mashine ya kizamani yenye mnyororo na breki ya kukanyaga. Tukiwa tumezoea kunyimwa mshale mmoja, tutanyimwa na hayo mengine bila hata kujua kwamba tumenyimwa.

Ninalopendekeza ni dogo. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) liagize kwamba pikipiki yoyote inayouzwa Kenya iambatane na maelezo ya Kiswahili kuhusu breki, cheni, magurudumu, oili na umeme. Si lazima yawe kitabu. Karatasi moja ngumu yenye michoro, isiyoloa maji, iliyobandikwa chini ya kiti, inatosha kwa kuanzia. Idara zetu za Kiswahili vyuoni, ambazo kila mwaka hutoa tasnifu kuhusu vitenzi na vinyambuo, na mimi ni mmoja wa wanaozisimamia, zinaweza kuifanya kazi hii kwa muhula mmoja, mradi wanafunzi wapelekwe gereji na kukaa huko hadi nguo zichafuke.

Kijana amerudi barabarani, anachechemea kidogo. Ukurasa wetu wa breki niliuchapisha, nikautia plastiki, akaubandika chini ya kiti, na wenzake wa stejini wamekwisha kuomba nakala kumi na moja. Juzi aliponipeleka chuoni aliniinulia kiti nione. Mahali nilipoandika "uchakavu wa breki" amekata kwa kalamu, akaandika "breki kuisha". Anataka sasa tuanze ukurasa wa cheni.